Uchaguzi unakuja, tuweke chakula ama tusiweke? Maoni ya mwenye duka

Naulizwa hili swali karibu kila wiki na wateja wangu, ati kwa vile tunapiga kura 10 Agosti 2027 ni vizuri kuanza kuweka chakula kwa nyumba ama huo ni uoga tu. Jibu langu ni weka, lakini weka kidogo, weka mapema, na usikimbilie kile kila mtu anakimbilia. Wiki ya mwisho kabla ya kura ukinipata hapa dirishani usiniulize ushauri tena, hapo umeshachelewa na mimi nitakuuzia tu.

Nina duka ya rejareja Eastlands hapa Nairobi, zile za dirisha na grili, unga, sukari, mafuta ya kupima, kredo, na wakala wa pesa ya simu hapo kando. Nimeuza kupitia uchaguzi wa 2013, ule wa 2017 wa mara mbili, wa 2022, maandamano ya 2023, ya Juni 2024 na ya 2025. Ile ya 2007 sikuwa na duka, nilikuwa mnunuzi tu kama nyinyi nikitafuta dirisha lenye limefunguliwa. Kwa hivyo pande zote mbili za grili nazijua.

Sasa nitawaambia kitu wenye maduka hatupendi kusema. Chakula kikiisha mtaani wakati wa siasa, mara nyingi si kwamba nchi imeishiwa, ni sisi tumekiacha kiishe. Fikirieni, stoki yangu yote ni pesa yangu imekaa kwa rafu, na duka kama yangu haina bima, wakivunja wakabeba ama wakachoma hakuna mtu nitaenda kumlilia. Sasa ikifika Julai mwaka wa kura naanza kupunguza. Badala ya bela tano za unga, yaani zile furushi za pakiti kumi na mbili, naleta mbili, sukari naleta nusu ya ile ya kawaida, na zile bidhaa za bei kali naacha kabisa mpaka tuone mambo yataendaje. Na si mimi peke yangu, jirani yangu anafanya hivyo, mwenye duka ya kona ile ingine pia, na holsela mwenyewe ambaye miezi ingine anatuandikia kwa kitabu tunalipa baada ya wiki, huyo naye anasema mwezi huu ni keshi mkononi, hakuna kukopeshana. Kwa hivyo duka zote zinabeba kidogo wakati huo huo, na wateja wote wanataka mara mbili wakati huo huo. Hapo ndio unasikia unga imepotea. Haijapotea, iko kwa godauni Industrial Area, ni vile hakuna mtu anataka kuwa nayo kwa mkono siku matokeo yanatangazwa.

Januari 2008, ile vurugu ya baada ya kura ya Desemba 2007, ilikuwa hivyo hivyo na zaidi. Mahindi yalikuwa yametoka shambani Bonde la Ufa miezi michache tu iliyopita, nchi haikuwa na njaa, lakini barabara za kutoka huko zimewekwa mawe na magogo, reli imeng'olewa pale Kibera, magari ya mafuta hayatembei mpaka Uganda na Rwanda wakakosa petroli kwa sababu yao inapitia Mombasa na hapa kwetu. Sisi mtaani tukawa tunanunua nyanya moja moja kama mayai. Lakini kitu wengi wamesahau ni kwamba bei yenyewe iliuma baadaye, baada ya mkataba wa amani wa Kibaki na Raila kutiwa sahihi 28 Februari, kwa sababu mahindi mengine yalichomwa kwa stoo na wakulima waliokimbia hawakuwa shambani msimu wa kupanda. Kufikia wakati unga inapanda kwelikweli, wale walijaza nyumba Desemba walikuwa wamemaliza kitambo. Ndio maana mimi sipendi mtu amalize akiba yote akigeuza kuwa gunia, hiyo pesa kidogo utaihitaji miezi inayofuata.

Watu hukosea kwa kuhesabu siku. Wananunua ya siku ya kura na siku mbili tatu mbele. Lakini hebu angalia Katiba yenyewe. Tume ya uchaguzi ina siku 7 kutangaza rais, mwenye hakuridhika ana siku 7 kwenda Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 kuamua. Hiyo ni siku 28 kabla hatujapumua. 2022 tulipiga kura 9 Agosti, matokeo yakatangazwa tarehe 15, uamuzi ukatoka 5 Septemba, karibu mwezi mzima. Na 2017 ndio ilitufunza, tulipiga kura 8 Agosti, mahakama ikafuta 1 Septemba, tukarudia 26 Oktoba na rais akaapishwa 28 Novemba. Waliokuwa wameweka ya wiki moja walikuja dukani katikati ya Agosti wakiwa wamemaliza na wamechoka, na wale waliweka ya miezi mitatu wengine wao unga iliingia wadudu.

Kwa hivyo mimi nasema wiki mbili. Sio kwa sababu vurugu ni ya wiki mbili, ni kwa sababu hizo siku 28 si zote ni moto. Kuna siku za katikati maduka yanafunguliwa, mama mboga anatoka, maisha yanaendelea. Siku zenyewe ni kama matokeo yakitangazwa na mbili tatu baadaye, halafu siku ya uamuzi. Ukiwa na ya wiki mbili unajifungia hizo siku mbaya, na zile nzuri unaongeza kidogo kidogo.

Na si unga inaisha kwanza, hapo nawaambia kwa kaunta yangu. Kinachoisha kwanza ni kredo na keshi. Mtu anatumiwa pesa na dada yake, anakuja kutoa, mimi sina keshi kwa sababu kila mtu anatoa na hakuna anayeweka, na kwenda benki siku hiyo naogopa. 2008 wakati kredo ilikuwa ya kukwangua watu waliuziwa kadi juu ya bei yake. Siku hizi unanunua kwa simu, sawa, lakini keshi bado inaisha. Kwa hivyo weka noti kwa nyumba, noti ndogo ndogo, hamsini na mia, kwa sababu siku hiyo hakuna mtu ana chenji ya elfu.

Baada ya hapo ni gesi. Watu wanaweka maharagwe kilo kumi na mtungi unakaribia kuisha, sasa utayapika na nini? Mtungi wa kilo 6 ukiwa mtupu uzito wake umeandikwa kwa chuma chenyewe pale juu, weka kwa mizani utoe hesabu ujue imebaki ngapi, usitingishe tu ukisema bado iko. Jaza Julai hata kama haijaisha. Na mwenye jiko la makaa asilitupe.

Halafu pampasi, pedi, dawa. Hizi ndizo mama anakuja akilia usiku dirishani, sio sukari. Kama kuna mtu wa presha ama ugonjwa wa sukari kwa nyumba, ongea na kliniki yake mapema apewe ya mwezi mzima. Na maji, si mnajua vile mgao wa Nairobi uko, mitungi ya lita 20 ijazwe kila siku maji yakija, hiyo ni bure tena.

Sasa chakula chenyewe. Chukua nyumba ya watu watano kama yangu, pakiti ya unga ya kilo 2 inaenda siku mbili, kwa hivyo wiki mbili ni pakiti saba. Bela ni pakiti kumi na mbili, na ndio maana nawaambia wamama wa plot wanunue bela mbili nyumba tatu wagawane nane nane, wanapata bei ya jumla na hakuna mtu ana mzigo wa kumshinda. Mchele kilo tano. Ndengu na kamande badala ya maharagwe, ama changanya, kwa sababu maharagwe ya kukaa sana yanakuwa magumu, unachemsha mpaka gesi inakulaani. Omena kavu iliyooshwa vizuri na kukaangwa kidogo inakaa. Kabichi, vitunguu, waru, malenge, hizi hazitaki friji, sukuma usijisumbue nayo itakuwa njano kesho kutwa. Chumvi, majani ya chai, mafuta lita tatu, maziwa ya pakiti ya kukaa. Na usinunue kitu ambacho nyumba yako haili. Kuna jirani aliweka makopo ya samaki ya nchi za nje, watoto walikataa, mpaka leo yako hapo.

Na hesabu watoto vizuri. Agosti wako nyumbani, sio shule, wanakula asubuhi, saa nne, mchana, saa kumi na usiku, na 2022 kufungua shule kukasongeshwa mbele baada ya kura. Halafu mara tu baada ya hapo ni karo ya muhula wa tatu. Usije ukala karo kwa kuogopa njaa.

Kuhusu kuhifadhi nitakuwa mkali kidogo. Yule anasema ananunua gunia la mahindi kutoka ushago alete hapa kwa nyumba ya chumba kimoja, tafadhali. Mahindi yenye hayajakauka vizuri yanaota kuvu yenye sumu, na 2004 watu 125 walikufa Ukambani kwa sababu ya hiyo sumu kwa mahindi ya nyumbani. Kama lazima uweke mahindi yakaushwe mpaka ukiuma punje inalia kaa! halafu yawekwe kwa ile mifuko ya kuziba hewa ambayo wakulima wanatumia, juu ya mbao, sio kwa sakafu na si kugusa ukuta. Unga ya posho mill ile ya kusaga na kiini chake inaharibika haraka kuliko ya pakiti, hiyo usiweke zaidi ya wiki chache. Pakiti nazo soma tarehe, na tumia ya zamani kwanza, mpya iende nyuma.

Pesa ndio swali kubwa, najua. Nusu ya wateja wangu wananunua kadogo, mafuta ya ishirini, sukari ya kumi, wanalipwa jioni wanakula jioni, sasa ukimwambia weka ya wiki mbili ni kama unamtusi. Kwa huyo nasema tuanze mbali. Kuanzia Aprili hivi, kila ukipata siku nzuri ongeza kitu kimoja kisichooza, leo chumvi, wiki ijayo robo ya ndengu, ingine sabuni. Kufika Agosti una kitu. Lakini usichukue mkopo wa apu kununua chakula cha kuogopa. Hizo apu zitakupigia simu matokeo yakitangazwa na yasipotangazwa. Na usingoje bei ya serikali pia. Julai 2022 ilitangazwa pakiti ya unga ya kilo 2 ishuke kutoka zaidi ya mia mbili mpaka mia moja, wateja walinitukana wakidhani nimeificha, na mimi hata haikunifikia.

Kitu kingine kabla ununue chochote, jiulize utakuwa wapi. Kila uchaguzi naona mtu ananunua vitu Jumatatu, Ijumaa anapanda basi kwenda ushago na familia yote, nauli imepanda, chakula amefungia panya. Kama unaenda, tuma pesa huko mapema wanunue huko, bei ya huko ni nafuu, na hapa acha nyumba tupu. Kama unabaki, basi baki kwelikweli.

Binamu yangu yuko Dar, na kwao ilikuwa kitu kingine kabisa, 29 Oktoba 2025 siku ya kura intaneti ikakatwa na amri ya kutotoka nje ikawekwa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Aliniambia baadaye kwamba chakula alikuwa nacho, shida yake ilikuwa hajui jirani wa pili anaendeleaje na hakuna namna ya kuuliza. Tangu hapo nimeandika namba za watu wangu kwa karatasi, na tumekubaliana na plot yetu nani ana gesi, nani ana dawa za watoto, nani anaweza kupika sufuria kubwa kama nyumba ingine imekwama. Hiyo haikuji na bei yoyote na nadhani ni bora kuliko bela ya tatu.

Kuhusu kuficha, watu wananiuliza kama ni vibaya majirani kujua uko na chakula. Usipite na bela kichwani saa sita mchana wiki ya kura, basi. Beba mapema, mbili mbili, hakuna mtu ataangalia. Lakini jirani akigonga mlango mpe kikombe, bana. Wale wa kununua bela kumi ndio wauzie wengine wakati rafu zangu ziko tupu, hao nimewahi kuwaona na mimi siwauzii, hata walete keshi.

Na mambo yakitulia, ile imebaki ikule kwanza mwezi unaofuata usinunue ingine. Mimi nitakuwa nimepungukiwa na wateja Septemba nzima na nitalalamika, lakini hiyo pesa yako iende kwa karo.