Andika na sababu yake: ushauri kwa wanaolipwa kwa wanachokijua

Kila mwaka vijana wanatoka SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vyuo vyengine, wanapata ajira, na wakinijia swali lao ni lile lile: nisome nini zaidi nisije nikaachwa nyuma? Wanatarajia niwatajie kozi. Mimi huwauliza jengine: ukipewa uhamisho wa Unguja kesho asubuhi, atakayekalia kiti chako ataanzia wapi? Wengi hunyamaza. Wachache hucheka na kusema, "Si atanipigia simu!" Basi haya nawaandikia khasa hao wa kupigiwa simu.

Nazungumzia watu ambao kazi yao ni kujua: ofisa takwimu kama mimi, mhasibu, mpima ardhi, mtaalamu wa maabara, mwalimu mkuu wa skuli, kijana anayeandika programu za kompyuta kule Fumba. Peter Drucker, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, ndiye aliyewapa jina la wafanyakazi wa maarifa mwishoni mwa miaka ya 1950. Hoja yake moja haijachakaa hadi leo: mtu wa kiwandani akitoka jioni mashine inabaki, lakini wa maarifa chombo chake cha kazi kiko kichwani na anaondoka nacho. Drucker aliona hiyo ni nguvu ya mfanyakazi, na ni kweli. Ila mimi miaka yangu mingi nimeipitisha upande wa wanaoachwa, wamekodoa macho mbele ya kompyuta isiyofunguka.

Ofisi zetu karibu zote zina mtu mmoja asiyekosekana. Yeye ndiye mwenye nywila. Yeye ndiye anayejua kwa nini safu ya tatu ya jaduweli haijumlishwi na ya nne, na mfadhili yupi anataka ripoti ya namna gani. Akiwa na harusi ya mpwawe Micheweni, watu wote wanangoja. Na tusifichane, wengine wanaipalilia hali hiyo kwa makusudi: ukiwauliza wanakujibu nusu ili kesho urudi. Hofu yao naielewa. Mtu ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja, anadhani akishaeleza yote hatahitajika tena. Lakini nimewaona wanapoishia. Hawapandishwi cheo, maana pale atashika nani? Masomoni hawapelekwi, kwa sababu hiyo hiyo. Wanapigiwa simu wakiwa mazikoni, wanaelekeza mtu abonyeze wapi huku wenzao wanasoma khitma.

Dawa yake tulikuwa nayo kabla ya kompyuta, nayo ni jalada. Aliyefanya kazi serikalini analijua: barua zimepangwa kwa namba za folio, yaani namba ya kila karatasi, na kuna karatasi ya madokezo ambapo ofisa wa chini anaeleza suala, anapendekeza, anatia saini na tarehe, kisha mkuu wake anakubali au anakataa. Likiandikwa vizuri, mgeni akilisoma kwa nusu saa anajua ofisi ilifikiri nini.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa Chake Chake, Pemba, na masjala ilishikwa na mama mmoja tuliyemwita Bi Mkubwa. Ukimpelekea jalada lenye dokezo la "Imekubaliwa, tekeleza," na hakuna zaidi, alilirudisha. Mamlaka hayo hakupewa na mtu. Alilirudisha tu, amelibana kikaratasi kwa pini: Kwa sababu gani? Siku moja nikamwambia, "Bi Mkubwa, mkurugenzi ameshatia saini, tunataka nini tena?" Hakunitazama, alikuwa akipiga muhuri barua za siku ile. "Mwanangu, mkurugenzi atahama. Atakayekuja ataikuta saini, akili hataikuta."

Faida ya majalada yake niliielewa vizuri nikiwa Mjini, pale Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara. Majenereta yaliwashwa kwa saa chache, mafuta yakipatikana. Idara moja iliyokuwa imeweka kila kitu kwenye kompyuta ya mtu mmoja ilikaa kimya. Jirani zao wenye majalada waliendelea kujibu barua kwa kalamu, dirisha wazi, jasho likiwatiririka. Sina hamu ya kurudi kwenye karatasi. Mchwa na vumbi navyo vimekula mengi. Ila tulipohamia kwenye kompyuta tulibeba barua, ile tabia ya kuandika sababu tukaiacha masjala.

Leo uamuzi mzito unapitishwa kwenye kundi la WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti, saa tatu za usiku, katikati ya salamu za Ijumaa na picha za maulidi. Baada ya miezi miwili simu ya mkuu imeingia maji. Mimi asubuhi ya pili ya uamuzi kama huo huwaandikia wote barua pepe fupi: tumeamua nini, kwa nini, na tumekataa nini. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linalookoa muda kuliko yote, kwani kila mgeni akija huleta pendekezo lile lile mlilokwishalikataa, na kikao kinaanza upya.

Kuna maarifa mengine hayatoki kwa kuulizwa. Nenda kituo cha kununulia karafuu wakati wa msimu, umtazame mpangaji wa madaraja. Anatia mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, anatoa konzi moja ya katikati, anazichezesha kiganjani, anavunja moja, ananusa, anasema daraja. Muulize anajuaje. "Karafuu inajulikana tu." Hakunyimi. Michael Polanyi, mwanasayansi aliyegeuka mwanafalsafa, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1960: mtu hujua mengi kuliko anayoweza kuyasema. Basi usimuulize anajuaje. Kaa naye, mchukulie gunia, ngoja mzigo utakaomtia shaka. Mkono wake ukisita, hapo ndipo useme, "Ami, hapa umeona nini?" Atakwambia: hizi zililundikwa mbichi, zikapata joto, tazama rangi ilivyopauka, au, hizi zimeanuliwa mapema, sikiliza, zikivunjwa hazilii. Hayo sasa yanaandikika. Kwa mhasibu wa zamani ni vivyo hivyo. Usimwombe akufundishe uhasibu, mtazame anapokagua hati za malipo na umuulize kwa nini ile moja ameirudia.

Na lazima ujue kazi yenyewe ni ipi. Mwaka 1999 Drucker huyo huyo aliandika kwamba ukitaka tija ya mtu wa maarifa, swali la kwanza ni hilo: kazi ni nini? Mimi nalikuta kila robo mwaka. Takwimu zinaletwa, shehia moja, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, idadi ya kaya imeshuka karibu nusu. Kijana anayedhani kazi yake ni kujaza jaduweli anajaza, na grafu ya rangi anachora. Anayejua kwamba kazi yake ni kumwezesha mkuu kuamua anampigia sheha, na sheha anamwambia, "Shehia imegawiwa, wenzao wako upande wa pili wa barabara." Imekwisha. Hizi programu za akili bandia zinaandika ripoti zilizonyooka kuliko zetu wengi, nami nazitumia. Lakini kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba shehia iligawiwa, zitakueleza kwa Kiswahili fasaha kabisa kwamba watu wamehama. Kwa hiyo baada ya simu ile andika sentensi moja kwenye safu ya maelezo, utie tarehe na chanzo.

Wakuu wa idara nao wana lao. Mnataka watu waandike, muda wa kuandika hampangi, na anayeonekana ametulia anasoma mnamwona hana kazi. Mtumishi anafika miaka 60, anastaafu, siku ya mwisho anapewa saa ya ukutani na juisi ya ukwaju, ndipo mtu anakumbuka kumuuliza mafaili ya mradi yako wapi. Mwekeeni kijana pembeni yake miezi mitatu kabla, na kijana huyo asipangiwe jengine.

Wewe unayeanza, huna haja ya kuandika kila unachokijua. Hutamaliza, na hakuna atakayesoma. Chukua likizo yako yote unayostahiki, uzime simu ya kazini. Ukirudi, kusanya maswali yaliyokusubiri mezani, kwenye barua pepe na midomoni mwa watu. Lile lililoulizwa na wengi liandikie majibu asubuhi ile ile, kabla hujaanza kulijibu kwa mdomo.