Jibu: Mjusi wa Tibet na jina la Theobald

Ndugu, umeuliza mjusi anawezaje kuzaliana kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, na ni nani huyo Theobald anayetajwa katika jina lake. Mjusi huyo, kwa jina la kisayansi Phrynocephalus theobaldi, huishi Ladakh, kaskazini mwa India, na katika uwanda wa juu wa Tibet, kwenye mchanga na changarawe zenye mimea michache, mahali ambapo baridi ya usiku ni kali hata katika majira ya joto. Mayai yaliyofukiwa katika ardhi ya namna hiyo yangepata joto kidogo mno. Kwa hiyo jike hubaki na viinitete tumboni, huota jua mchana na kujihifadhi shimoni usiku, kisha huzaa watoto hai. Ukimtazama kwa karibu utaona kichwa kifupi na kipana kisicho na tundu la sikio kwa nje, na kope zenye pindo la magamba yanayozuia mchanga.

Aliyemwelezea kisayansi, mwaka 1863, ni Edward Blyth, ambaye kwa miaka mingi alisimamia makumbusho ya Asiatic Society, chama cha wasomi huko Calcutta, India, akichambua vielelezo vilivyoletwa na wengine na kuandikiana barua na Charles Darwin. William Theobald alikuwa mtumishi wa idara ya jiolojia ya India na, kwa maoni yangu, husahaulika isivyo haki: ingawa anajulikana zaidi kwa konokono, mwaka 1876 alichapisha orodha yenye maelezo ya reptilia wa India iliyotawaliwa na Waingereza.