Zahabu na dhahabu ziunganishe, ila ana na hana ziache

Swali: Msomaji mmoja anatengeneza programu ya kamusi ya kwenye simu, anataka mtu akiandika "zahabu" aletewe "dhahabu". Ameweka Soundex, akaongeza na Levenshtein, njia mbili za kompyuta za kutafuta maneno yanayofanana, na bado majibu yanakuja vurugu tupu. Anauliza, hilo ni neno moja lenye tahajia mbili au moja ni kosa, na afanyeje ili programu ijue.

Jibu: Neno ni moja. Tahajia sanifu ni dhahabu, limetoka Kiarabu na dh yake, na wanaoandika zahabu wanaandika wanavyotamka maana wengi wao hawana hiyo sauti kwenye lugha waliyoanza nayo. Mimi sina ugomvi nao, wanaeleweka, wasaidie tu wafike.

Sasa hizo mashine zako. Soundex ilitengenezwa kwa ajili ya majina ya ukoo yanayoandikwa Kiingereza, hataza yake ya kwanza ni ya Marekani mwaka 1918. Inashika herufi ya kwanza kama ilivyo, inatupa irabu zote pamoja na h, w na y, halafu konsonanti zinazobaki inazipa namba. Kwa Kiswahili hiyo ni balaa. Zahabu inakuwa Z100, dhahabu D100, hazitakutana hata siku moja, halafu kula, kule, kila na kilio zote zinapewa K400 eti ni ndugu! Kiswahili ukikinyang'anya irabu umebakiwa na nini? Na kura anapelekwa K600, mbali na kula, wakati kuchanganya l na r ni kosa tunaloliona kila siku.

Levenshtein ya 1965 ina akili zaidi, inahesabu ni herufi ngapi uongeze, ufute au ubadilishe mpaka neno hili liwe lile. Kutoka zahabu kwenda dhahabu ni 2, z inageuka d na h inaongezwa. Kutoka ana kwenda hana ni 1. Yaani kwa mashine, mwenye nacho na asiye nacho wako karibu kuliko dhahabu na dhahabu yenyewe.

Na hapa niseme linaloniudhi miaka yote, hii tabia ya kula h ya mwanzo wa kitenzi. Watu wanaandika "ajui", "apendi", "atutaki", ukiwakosoa wanasema si umenielewa lakini. Hapana, sijakuelewa! Hiyo h sio pambo, ndiyo inayobeba ukanushi. Chukua "mteja atalipa kesho" na "mteja hatalipa kesho", tofauti ni herufi moja tu, mmoja anasubiri hela na mwenzake anatafuta wakili. Ukiniandikia "atalipa" na wewe ni mtu wa kula h, mimi nijuaje umekusudia lipi? Nikupigie simu kwa kila sentensi? Na wapo wa upande wa pili wanaoipachika pasipo kazi, wanaandika "hanakuja", kitu ambacho sio anakuja wala sio haji, nusu amekubali nusu amekataa. Anayesema zahabu kapotosha sauti, maana yake iko palepale. Anayekula h kwenye kitenzi kageuza siyo kuwa ndiyo, na hilo silivumilii hata kwenye meseji ya haraka haraka.

Kwa hiyo programu yako isichukulie herufi zote sawa. Tengeneza ufunguo wa sauti wa Kiswahili chenyewe, yaani herufi zinazochanganywa zihesabiwe kama sauti moja, dh ikutane na z, th na s, gh na g, kh na h, r na l, irabu usiziguse, ndipo ulete Levenshtein ipange yaliyobaki, na mabadiliko ya jozi hizo yagharimu kidogo kuliko mengine. Ila kabla ya yote angalia kama neno aliloandika mtu lipo tayari, kwa sababu dhana na zana zote ni maneno halali, thamani na samani vilevile, ukiziunganisha umeharibu. Kitabu na vitabu nazo umbali wake ni 1 na hilo sio suala la tahajia hata kidogo, ni umoja na wingi, kwa hiyo programu lazima ijue viambishi vya mwanzo, kwenye majina na kwenye vitenzi.

H ya "abari" irudishe bila kuuliza, habari ni habari. Ya kwenye kitenzi usiiguse kimyakimya. Mtu akiandika "atalipa" mwachie atalipa yake, hujui alilokusudia. Akiandika "ajui", ambayo haipo, mletee hajui na ajue, zote ziko umbali wa 1, achague mwenyewe.