Kahawa ya Saa Nne Usiku na Mtihani wa Saa Mbili Asubuhi

Msomaji anayejiandaa na mtihani wa uhasibu ameniuliza anywe kahawa kiasi gani ili akeshe usiku wa mwisho. Asikeshe. Sababu ni hizi.

Kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, haiupi ubongo nguvu yoyote. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unarundika kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ikijaa kwenye vipokezi vyake ndipo kope zinapokuwa nzito. Kafeini hukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha. Adenosini haijaondoka, iko palepale inasubiri nafasi, na kafeini ikipungua uchovu unarudi, pengine uko kwenye swali la tatu.

Sasa piga hesabu. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na miligramu 80 hivi za kafeini. Ukinywa mawili saa nne usiku, nusu yake bado imo mwilini saa tisa usiku, maana kwa mtu mzima mwenye afya kafeini hupungua nusu kila saa tano hivi. Kwa mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango, muda huo unaweza kuwa mara mbili. Hata ukipata usingizi, ule mzito unapungua, na huo ndio ubongo unaoutumia kupanga ulichosoma. Umekariri, kisha umejinyima muda wa kukihifadhi. Kukesha si ushujaa jamani!

Kwa hiyo kahawa ya mwisho iwe saa nane mchana. Asubuhi kunywa kikombe kimoja dakika 45 kabla ya kuingia, na kula kitu.

Usizidishe. Mwaka 1908 wanasaikolojia Yerkes na Dodson waliwafundisha panya kwa shoti za umeme: kazi ilipokuwa ngumu, shoti ya wastani ndiyo iliyofundisha upesi kuliko kali. Yaani msisimko ukizidi, kazi ngumu huharibika, na kuandaa mizania ni kazi ngumu. Moyo ukikimbia kwenye chumba cha mtihani, vuta pumzi sekunde nne, itoe kwa sita, dakika mbili tatu. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo.

Kama hujazoea kahawa, usianzie siku hiyo, mikono itatetemeka. Na kama unakunywa kila siku, usiiache ghafla wiki hiyo: kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho.