Muulize Fundi: Upinde wa mjomba unapiga kelele

SWALI: Ami Fundi, shikamoo. Mjomba wangu aliyefanya kazi Michigan miaka mingi amerudi na kunipa upinde wake wa roda (wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake) wa miaka ya 1980, wa nguvu ya kuvuta ratili 60, aliokuwa akiwindia kulungu. Najua kwetu Kenya kuwinda ni marufuku tangu 1977. Mimi nalenga gunia la matambara uani tu, nimeliegemeza kwenye uzio wa mabati. Taabu ni kelele. Nikiachia uzi pa! jirani anachungulia. Mjomba asema hata kule kulungu walikuwa wakiusikia wakainama, mshale ukapita juu. Nimeshauriwa nifunge vipira kwenye uzi. Vitasaidia?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vipira vitasaidia, lakini ni kazi ya mwisho, na watu wanapenda kuanzia hapo kwa sababu ni rahisi.

Kelele ni nguvu iliyokosa pa kwenda. Ukivuta upinde unaujaza nguvu. Ukiachia, mshale unaondoka na sehemu kubwa, na inayobaki inatikisa mikono ya upinde, uzi, roda na kila skrubu iliyolegea. Mshale mwepesi hubeba kidogo, upinde ukabakiwa na mtikisiko mwingi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni mishale yako ina uzito gani. Mpelekee sonara mmoja akupimie kwenye mizani ya dhahabu, pamoja na chembe yake, yaani ncha ya chuma. Kwa upinde wa ratili 60, chini ya gramu 20 hautakiwi kabisa. Hapo unakaribia kuachia uzi mtupu, jambo ambalo huvunja mikono ya upinde. Gramu 27 hadi 30 ndiyo raha yake. Utapoteza mbio kidogo, lakini mlio utapungua papo hapo, na hata mkono wako wa kushoto utasikia tofauti. Ila usiongeze chembe nzito tu kwenye mti mwembamba, maana mshale utapinda ukitoka. Tafuta mti mnene zaidi.

Mjomba hakukudanganya. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, na mshale wa upinde wa umri huo hauzidi sana mita 70. Mnyama akiwa mita 20, mlio umemfikia zamani, na ana karibu robo ya sekunde ya kukunja miguu ili aruke. Ndiyo maana wawindaji wa kule wanahangaika sana na jambo hili.

Sasa mlegeo. Vua podo, vua kilengeo, upinde ubaki mtupu, kisha tupa mshale. Mlio ukipungua, rudisha kimoja kimoja na mtu akisikiliza pembeni, mwenye makosa atajulikana. Kaza skrubu zake kwa spana ya L na utie tone la rangi ya kucha kwenye nyuzi zake, hazitalegea. Vuta mshale polepole pia: ukisikia mkwaruzo mahali unapolala, gundisha kipande cha kitambaa kizito.

Kwenye roda ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu ya hewa yetu ya chumvi. Pinde nyingi za miaka hiyo zina nyaya za chuma. Zikague chini ya jua. Uzi mmoja wa waya ukiwa umekatika na kusimama kama mwiba, usiuvute upinde tena. Pitisha pamba kwenye mikono ya upinde, ikinasa mahali pana ufa, na hapo dawa ni kuutundika ukutani. Nyaya na mikono ikiwa mizima, tone la mafuta kwenye vyuma vya roda linatosha, na usilitie kwenye uzi. Uzi unapakwa nta ya nyuki. Wala usiufungue upinde nyumbani bila mashine yake ya kubana, na usidanganywe ubadilishe uzi kwa uzi wa kisasa usiovutika. Upinde wa zamani haukuundwa kuhimili mshtuko wake.

Baada ya hayo yote, vipira. Vya dukani si lazima. Kata vijipande vya tyubu ya baiskeli, funga kimoja juu na kimoja chini, kila kimoja kama robo ya uzi kutoka kwenye roda, visije vikaingia kwenye mfereji wake. Sufu ya kufuma nayo hufanya kazi, ila ikilowa mvua huwa mzigo.

Lakini nimelisoma swali lako mara ya pili nikakwama kwenye yale mabati. Nadhani nusu ya kile anachosikia jirani ni gunia kupiga mabati. Tena mshale wa upinde wa ratili 60 ukikosa gunia, mabati hayauzuii, na mwenyewe umesema jirani huchungulia. Lihamishe gunia kwenye ukuta wa mawe leo hii, kabla hujagusa skrubu yoyote.