Diski ya bekapu haijipachiki umeme ukirudi

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nina steshenari hapa Wete, kompyuta yangu ni ya Ubuntu. Kazi za wateja nimezipangia bekapu saa nane usiku, ziende kwenye diski ya nje. Umeme ukikatika kisha ukarudi, kompyuta hujiwasha yenyewe, lakini asubuhi nakuta bekapu haikwenda mpaka niibofye diski kwa mkono. Rafiki aliniandikia /dev/sdb1 kwenye fstab, ile faili yenye orodha ya diski za kupachikwa. Siku tatu ikaenda vizuri, ya nne kompyuta ikagoma kuwaka. Nifanyeje?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Faili aliyoigusa rafiki yako ndiyo yenyewe. Diski unayoibofya hupachikwa, yaani huunganishwa na folda ili isomeke, na desktopu, na desktopu husubiri mtu aingie kwa nywila yake. Saa nane usiku wewe umelala. /etc/fstab husomwa mashine inapoamka tu, mtu awepo asiwepo.

Tatizo ni hiyo sdb. Hilo si jina la diski, ni nafasi yake kwenye foleni, na foleni hupangwa upya kila mashine inapowaka. Mteja akisahau flashi yake imechomekwa, flashi yaweza kuwa sdb na diski yako ikasogea kuwa sdc. Nadhani ndivyo ilivyokuwa siku ya nne. Jina lisilobadilika ni UUID, utaliona ukiandika `lsblk -f`. Linakili lilivyo, herufi kwa herufi.

Kwanza tengeneza folda na uifunge:

`sudo mkdir /mnt/akiba`
`sudo chattr +i /mnt/akiba`

Amri ya pili usiiruke hata kidogo. Kuna ofisi moja hapa Mjini, waya wa diski ulilegea, na bekapu ikawa inaandikwa ndani ya folda tupu ya kompyuta ileile. Kila aliyefungua folda aliona mafaili yamejaa, akaridhika. Diski ya ndani ilipokufa, asili na nakala vikaenda pamoja. Niliwaona watu wazima wakilia kwa ajili ya kumbukumbu zao. Folda ukiifunga hivyo, diski isipokuwepo hakuna kinachoandikika. Ikipachikwa, kazi inaendelea kama kawaida.

Kisha futa mstari wa rafiki yako kwenye fstab, uweke huu kwa UUID yako:

`UUID=xxxx /mnt/akiba ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2`

Neno `nofail` ndilo litakalokuokoa. Bila hilo, mashine isipoiona diski husubiri sekunde 90, kisha hukutupa kwenye skrini nyeusi ya dharura. Ikiwa bado umekwama hapo, fungua fstab kwa nano, weka alama ya # mbele ya ule mstari wa zamani, uwashe upya.

Hukusema diski imefomatiwa vipi. Nyingi hutoka dukani na NTFS au exFAT, mifumo ya mafaili ya Windows; ext4 ni ya Linux. Kama haiendi kwenye kompyuta ya Windows, hamisha vilivyomo kwanza, halafu ifomati ext4 kabla ya kuchukua UUID, kwani kufomati huibadilisha. NTFS ikikatikiwa na umeme katikati ya kuandika, Linux mara nyingi hukataa kuipachika mpaka itengenezwe. Ext4 hujiweka sawa yenyewe. Kwa umeme wetu huu, mimi singesita.

Sasa `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo mount -a`. Ikinyamaza, imekubali. Diski mpya ya ext4 huwa ni mali ya root, msimamizi mkuu wa mashine, kwa hiyo ikabidhi mara moja: `sudo chown $USER /mnt/akiba`. Na kwenye skripti ya bekapu, mbele ya rsync, amri inayonakili mafaili, tanguliza `mountpoint -q /mnt/akiba &&`, ili isianze kabisa diski ikiwa haipo.

Usisubiri umeme ukatike ndipo ujue. Leo jioni, ukishawaaga wateja, zima mashine, chomoa diski, uwashe. Ikiwaka mpaka mwisho, zima tena, irudishe diski, uwashe bila kuingia kwa nywila, na uiache hivyo hadi asubuhi.