Nyanya za ndoo hapa Dar: lea mche kwanza

Dada mmoja wa Mbagala kaniandikia wiki hii. Miche yake ya nyanya ilichipua vizuri, ikasimama siku chache, kisha ikaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, shina limenywea pale linapogusana na udongo. Anauliza apulizie dawa gani.

Dada yangu, weka bomba la dawa pembeni. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, na mche ukishaanguka hauinuki tena. Umetokana na udongo unaolowa mchana kutwa na mbegu zilizobanana. Mwaga udongo huo, usiurudie. Sia upya kwenye mchanganyiko wa mchanga, udongo na samadi iliyooza kabisa, uumwagie kwanza maji yanayochemka na uuache upoe. Mbegu ikae kina cha sentimita 1, na isibanane na mwenzake. Kwa kuwa joto limeshaanza kurudi, safari hii tafuta nyanya ndogo za cheri, zinashika matunda kwenye joto kuliko hizi kubwa.

Nimefurahi kwamba ameniuliza mimi, maana kuna wakati hakuna aliyeniamini. Naishi Tabata, nyumba ya kupanga, na uwanja wenyewe ukianika nguo umeisha. Nilipoanza kupanga ndoo ukutani wenzangu wa kikoba walisema sana. Nyanya ni za Ilula na Lushoto kwenye baridi, wewe Dar utavuna majani. Mmoja aliyasema hayo nyumbani kwangu, mbele ya watu, chai yangu iko mkononi mwake. Sijayasahau. Msimu huu tumekula nyanya zetu tangu Agosti, majirani nimewagawia, na yeye mwenyewe alikuja na bakuli. Nilimjazia. Ila kwanza nilimpitisha ndoo moja moja, azione zilivyobeba.

Joto la Dar ni kweli lipo, na wanaoshindwa wengi wanashindwa kwa kalenda. Usiku ukiwa na joto sana, ua la nyanya hupukutika bila kushika tunda. Januari na Februari usiku wetu huzunguka nyuzi 25, Julai hushuka hadi 18 au 19. Kwa hiyo nasia mwishoni mwa Aprili, chini ya kibaraza ili masika yasinipige, na maua yananikuta kwenye kipupwe. Mbegu zangu ni Tanya na Tengeru 97, zilizotoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha. Zinatosha ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mche mmoja kila ndoo. Msiweke miwili. Najua mtaweka miwili, lakini nimesema.

Mniulizapo siri, ni hiyo ya kusia mwenyewe. Kuna msimu nilinunua miche iliyokwisha kukua kwa muuzaji wa barabarani, mizuri, ya kijani kabisa. Ikatoa maua, halafu ikanyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, udongo una maji. Nilikata shina nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, na hapo hapo ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa. Mnyauko bakteria. Hauna dawa, na udongo ule haufai tena kwa nyanya, bilinganya wala pilipili. Niliumia, kwa sababu maji ya zile ndoo nilikuwa nayabeba kichwani wakati wa mgao. Tangu hapo mche wa mtu hauingii kwangu.

Watu wanataka nyanya, kulea hawataki. Mche wa wiki tatu wanauchomeka juani saa sita mchana, kisha wanalaumu mbegu. Subirini wiki nne au tano, uwe na majani halisi manne hadi sita, yale mawili ya kuchipulia msiyahesabu. Wiki ya mwisho uzoesheni jua kidogo kidogo na mpunguze maji. Hamisheni jioni, na mfukie shina mpaka karibu na majani ya chini, kwa sababu sehemu iliyofukiwa nayo hutoa mizizi. Maji ya kisima chenye chumvi msiwape miche, huo umri hawayawezi.

Baada ya hapo kazi ni maji, kila siku kwa kipimo kile kile, asubuhi, kwenye shina na si juu ya majani. Ukiacha ndoo ikauke siku mbili kisha uijaze, tunda linaoza kitako au linapasuka. Watu hukimbilia maganda ya mayai. Yanachukua muda mrefu mno kuoza, hayatakuokoa msimu huo. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo na urekebishe maji.

Na mbegu za mwakani usinunue kama umepanda aina kama Tanya. Chagua tunda la mche ulio na afya kuliko yote, liive hasa, kamulia mbegu kwenye kikombe pamoja na maji yake, ziache siku mbili au tatu mpaka ule utelezi uachie. Osha, anika kivulini juu ya sahani, tia kwenye bahasha ya karatasi, andika aina na mwaka. Za F1, yaani chotara, usihangaike nazo, hazizai mfano wa mama yao.